Kuchagua mashine ya kuchomelea yenye injini: anzia kwenye fimbo, usianzie kwenye stika

Mashine yangu ya kwanza yenye injini niliinunua Gerezani, Dar es Salaam. Ilikuwa ya petroli, HP 9. Kibaha ilichoma fimbo za kuchomelea za geji 10 bila kubembelezwa. Nilipohamia nayo Mbeya, siku ya kwanza tu fimbo ikaanza kuganda kwenye chuma na injini inaguna kama semitrela inayopanda Kitonga. Nikabadili plagi, nikasafisha kabureta, nikagombana hadi na muuza petroli. Kumbe mashine haina kosa. Mnunuzi ndiye aliyesoma namba moja tu, ile iliyoandikwa kubwa kuliko zote.

Tangu hapo nimenunua nyingine mbili na kuwasindikiza mafundi wenzangu dukani mara nyingi. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Jiulize unachoma fimbo gani

Usianze na bei wala HP. Angalia makopo na maboksi yaliyolala karakana kwako. Geji 12, yaani mm 2.5, hula ampea 70 hadi 90. Geji 10, ya mm 3.2, hula 100 hadi 130. Geji 8, ya mm 4, inataka 140 hadi 180.

Anayetengeneza mageti, grili na stendi za matenki anaishi na geji 12, geji 10 mara mojamoja. Anayekarabati trela za trekta, ndoo za ekskaveta au makarasha ya wachimbaji kule Chunya hawezi kukwepa geji 10 kutwa nzima, na geji 8 itamwita tu. Andika kwenye karatasi ampea ya fimbo unayochoma kwa muda mrefu zaidi. Ile ya siku moja kwa mwezi iache. Mimi niliandika 130.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli unaihitaji

Wengi wanaoniuliza hawaihitaji. Kama kazi yako ni geji 12 na mara nyingi uko kwenye umeme wa TANESCO, nunua inveta nzuri (mashine ndogo ya kuchomelea ya kuchomeka kwenye umeme) na jenereta ya kawaida ya kVA 5 kwa siku za kazi ya porini. Kwa ampea 80 inveta ya kawaida huvuta kVA tatu na nusu hadi nne, na jenereta hiyo inazimudu. Kwa ampea 130 inavuta zaidi ya kVA 6. Hapo ya kVA 5 inazidiwa, volti zinapanda na kushuka, na inveta haipendi mchezo huo. Ukitumia njia hii, washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke inveta. Unapomaliza, chomoa inveta kabla ya kuzima injini. Bodi nyingi za inveta zinaungua katika sekunde zile ambazo injini inapanda au inashuka mwendo.

Ukiwa mtu wa geji 10 mbali na nguzo, endelea kusoma.

Hatua ya 3: Tafuta kibati, achana na stika

Hapa ndipo pesa inapotea. Stika iko mbele, ina rangi, imeandikwa 300A. Kibati ni kile cha bati au aluminiamu kilichopigwa ribiti ubavuni mwa alteneta (sehemu inayozalisha umeme), mara nyingine kimefunikwa na vumbi. Mashine isiyo na kibati siiangalii mara ya pili.

Kwenye kibati kuna mistari ya herufi. U0 ni volti kabla hujagusa chuma. I2 ni ampea. U2 ni volti wakati wa kuchoma. X ni asilimia, na hiyo ndiyo roho ya mashine: katika kila dakika 10, kwenye joto la nyuzi 40, unaruhusiwa kuchoma dakika ngapi. Mashine inayosema 190A kwa 35% inachoma dakika tatu na nusu, halafu inataka kupumua. Hiyohiyo kwa 60% inatoa kama 145A, na kwa kuchoma bila kupumzika inashuka hadi karibu 112A. Mimi nanunua kwa mstari wa 60%. Ile ampea uliyoandika kwenye hatua ya kwanza ifananishe na huo. Yangu ya 130 inaingia kwenye 145, na chenji inabaki.

Sasa jaribu uongo wa stika kwa simu yako. Zidisha ampea kwa volti za U2, gawa kwa 746, unapata HP zinazotoka kwenye ncha ya fimbo. Kama U2 haikuandikwa, chukua ampea, zidisha kwa 0.04, jumlisha 20. Kwa 300A unapata volti 32. Mara 300 ni wati 9,600, sawa na karibu HP 13. Injini yenyewe imeandikwa HP 13! Maana yake hakuna kinachopotea kwenye koili, kwenye feni, wala kwenye joto. Haiwezekani. Siku moja muuzaji aliniambia, "Hii inapiga mia tatu, bosi wangu, kuna watu wa bomba la mafuta wameichukua." Nikamfanyia hesabu hii pale kaunta, akacheka, akanionyesha nyingine.

Kanuni yangu: HP za kwenye fimbo zisizidi theluthi mbili za HP za injini. Kwa 200A unapata HP 7.5, na injini ya HP 13 inazibeba bila kulia. Na hata hizo 13 zisome kwa jicho la pili. Honda GX390, inayojulikana sana kama HP 13, kwa kipimo cha sasa cha kiwanda ni HP 11.7 kwenye mizunguko 3,600. Kwa umeme wa hezi 50 injini hizi huzunguka 3,000 tu, kwa hiyo unapata pungufu kidogo zaidi.

Hatua ya 4: Toa kodi ya mlima

Hii ndiyo iliyoniangusha. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3.5 za nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo moja ya tano ya injini yako imebaki Dar es Salaam. HP 9 ikawa 7 na kidogo. Ukitoa na kinachopotea kwenye alteneta, fimbo inabaki na kidogo, ndiyo maana geji 10 ilikuwa inaganda. Jeti ndogo ya kabureta inapunguza moshi mweusi na kuokoa petroli, lakini nguvu iliyopotea hairudi. Fundi wa Njombe, Iringa au Nairobi anunue injini kubwa kwa ngazi moja kuliko mwenzake wa Tanga.

Hatua ya 5: Moto wa aina gani, mafuta gani

Kwa fimbo za aina ya 6013 za mageti, AC (umeme unaogeuka mwelekeo) inatosha. Ukitaka kuchoma aina ya 7018 kwa kazi inayobeba mzigo, tafuta DC (umeme wa mwelekeo mmoja), fimbo upande wa chanya, na U0 ya volti 70 au zaidi ili iwake kirahisi. 6010 haitaki AC kabisa.

Petroli ni nyepesi na spea zipo kila kona. Dizeli ni nzito, inatetemeka, na kuivuta kwa kamba asubuhi ya baridi ni adhabu, ila migodini dizeli ipo tayari kwenye mapipa na injini inadumu. Na usidanganywe na neno "ya kubebeka": nyingi zina kilo 80 na zaidi. Zinabebwa na watu wawili na kirikuu, pikipiki hapana.

Hatua ya 6: Nyaya

Tenga pesa ya nyaya kabla hujaimaliza kwenye mashine. Ukivuta mita 30 kwenda na 30 kurudi kwa waya wa mm 16 za mraba, kwa ampea 130 unapoteza volti 8 kati ya 25. Kwa wa mm 35 za mraba unapoteza kama 4. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Hatua ya 7: Ichome kabla ya kulipa

Nenda na fimbo zako, holda, ngao na kipande cha pleti ya mm 8. Mashine mpya mara nyingi huja kavu, kwa hiyo itiwe oili kwanza; hizi za HP 13 hunywa kama lita 1.1. Itolewe nje ya duka. Moshi wa petroli ndani ya chumba unaua, na gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu ya kukuonya.

Weka ampea 130, choma fimbo tatu za geji 10 mfululizo hadi kwenye vishungi. Sikiliza gavana (kifaa kinachoshikilia mwendo wa injini): unapogusa chuma injini izame kidogo kisha ijiinue yenyewe. Ikizama moja kwa moja, umeona jibu. Nusa alteneta, harufu ya vanishi inayoungua ni koili zinazolia. Halafu pima soketi kwa mita: volti 230 na ushei, hezi 50 hadi 52, na uchomeke grainda uone kama inazunguka sawasawa. Usiitumie wakati mwenzako anachoma, mashine hizi ndogo haziwezi vyote viwili.

Muuzaji akikataa kukujaribishia, duka linalofuata lipo hatua kumi mbele.

Ukishafika nayo nyumbani, oili ya kwanza imwage baada ya saa 20 za kazi. Utaiona ina mng'ao wa vumbi la chuma; usishtuke, ni injini inajilainisha. Baada ya hapo, kila saa 100.