Kujiandaa Goma kwa shindano la kuoka keki kwenye televisheni

Katika shindano maarufu la uokaji lililoanza kurushwa nchini Uingereza mwaka 2010, washiriki, ambao si waokaji wa kazi, hupewa jaribio moja lenye maelekezo mafupi mno. Basi ukijinoa hapa Goma, mwombe dada yako akufichie nusu ya maelezo, kisha uoke huku saa ikihesabu.

Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo keki huumuka upesi kisha hubonyea katikati. Punguza beking pauda kwa robo, na uongeze kijiko kimoja cha maziwa kwa kila kikombe cha unga.

Ukiokea kwenye makala (makaa), weka mengi juu ya mfuniko na machache chini (mimi huyatenga na sufuria kwa mchanga). Usipake krimu mapema: gusa sehemu ya chini ya keki kwa kiganja, na ikiwa bado ina uvuguvugu, subiri, hata kama dakika zinayoyoma.