Namna ya Kupanda Bustani ya Maua ya Barabarani Kando ya Kiwanda cha Mvinyo Mkoani Dodoma

Barabara kuu itokayo Dodoma mjini kwenda Arusha hupita Makutupora, mahali palipoipa jina aina ya zabibu nyekundu ambayo wakulima wa mkoa huo huviuzia viwanda vya mvinyo. Wakati wa kiangazi pande zote mbili za barabara hutawaliwa na vumbi, mibuyu isiyo na majani na nyasi kavu, kwa hiyo kiwanda chenye hata mita hamsini za maua yaliyochanua huonekana kabla bango lake halijasomeka. Hata hivyo, bustani iliyonakiliwa kutoka Lushoto au Arusha haitadumu hapa. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kati ya mwishoni mwa Novemba au Desemba na Aprili. Anayetaka rangi barabarani kwa gharama anayoimudu aipange bustani yake kwa kufuata kalenda ya zabibu zenyewe.

Kabla ya jembe kugusa udongo, pima ardhi. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, na ukanda huo husimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za mjini na vijijini zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara hizo. Chochote kitakachopandwa ndani ya hifadhi kinahitaji kibali cha maandishi, na hata ukikipata, weka humo mimea ya msimu peke yake, kwa kuwa siku barabara itakapopanuliwa hakuna atakayekufidia boganvilia yako. Mimea ya kudumu ibaki ndani ya mpaka wa kiwanda. Mtaro wa maji usizibwe wala usigeuzwe tuta.

Sasa tuje kwenye kalenda. Mzabibu wa Dodoma hupogolewa mara mbili kwa mwaka na zabibu huiva takriban miezi minne baada ya kupogoa, hivyo kuna mavuno ya Februari na Machi, kisha ya Agosti na Septemba. Hizo ndizo wiki ambazo magari ya wakulima, wanunuzi na wageni hupishana langoni, na ndizo wiki ambazo maua yanatakiwa yawe yamekamilika. Zinia huanza kuchanua takriban wiki nane hadi kumi tangu mbegu iwekwe kitaluni, na kosmosi hukaribiana nayo. Kwa hiyo sia mbegu wiki sita hivi baada ya mizabibu kupogolewa, nawe utakuta bustani imejaa rangi wakati kreti za kwanza za zabibu zinapopimwa. Kundi la msimu wa mvua litajitegemea kwa sehemu kubwa. Kundi la kiangazi litaishi kwa maji yako tu, kwa hiyo lifanye kuwa nusu ya lile la kwanza, na ulipande karibu na lango.

Upangaji wa rangi ndio unaowashinda wengi, kwa sababu bustani huchorwa na mtu aliyesimama ilhali hutazamwa na mtu aliye kwenye gari. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi, hukata takriban mita 14 kwa sekunde moja. Kitalu cha rangi moja chenye urefu wa mita mbili hupita kabla jicho halijakitambua, na mchanganyiko wa rangi sita huonekana kama vumbi la rangi tu. Panda kila rangi kwa mfululizo wa mita 15 au zaidi, na rangi tatu zinatosha kabisa. Kumbuka pia kwamba udongo wa sehemu nyingi za Dodoma una wekundu, hivyo maua mekundu humezwa nao. Njano, nyeupe na zambarau ya boganvilia ndizo zinazoonekana kwa mbali. Ukiupenda wekundu, uweke mbele ya safu ya maua meupe. Mawe yaliyopakwa chokaa, yakipangwa kila hatua moja kama mbele ya lango la kambi, huyashinda maua yenyewe. Ninayapendekeza kwenye kona tu, ambako magurudumu ya malori hukanyaga ukingo.

Kwa upande wa kimo, panda vinka mbele, zinia na kosmosi katikati, na boganvilia nyuma. Ila katika mita zinazoligusa lango, mmea wowote usizidi sentimita 60, ili dereva anayetoka na shehena aone magari yanayokuja kutoka pande zote mbili.

Mbuzi ni jambo la kufikiriwa mapema, kwa sababu Dodoma ni nchi ya wafugaji, na kiangazi kikikolea jani lolote bichi barabarani huwa malisho. Vinka na adenium, lile waridi la jangwani lenye shina nene, zina sumu na kwa kawaida mifugo huziacha. Boganvilia changa na zinia huliwa bila huruma. Uzio wa minyaa huzuia vizuri na haugharimu kitu, lakini utomvu wake hudhuru macho, kwa hiyo anayeukata avae miwani na glavu, na usipandwe mahali ambapo watoto husubiri basi.

Kuhusu rutuba, kiwanda kina hazina ambayo mara nyingi hutupwa: makapi ya zabibu, yaani maganda, mbegu na vikonyo vinavyobaki baada ya kukamua. Yakiwekwa mabichi kwenye matuta huwa makali, huchemka na huzuia mbegu kuota. Yachanganye na samadi na majani makavu, mwagia maji kiasi cha kulowanisha, pindua lundo kila baada ya wiki mbili, na subiri miezi mitatu hadi minne. Ingiza mkono ndani ya lundo: ikiwa bado kuna joto, au unasikia harufu ya pombe, mboji haijaiva. Makapi ya Agosti yatakupa mboji mwanzoni mwa mvua, wakati hasa unapoihitaji. Matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu, ila yaache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kwani mchwa hupitia humo kuifikia miche.

Maji yaliyooshea matangi yasiende moja kwa moja bustanini, kwa kuwa hubeba tindikali ya mvinyo na mara nyingi soda kali ya kusafishia. Yapitie kwanza kwenye mabwawa ya kutibia na yapimwe. Mwagilia alfajiri, kwa matone au kwa keni inayoelekezwa kwenye udongo, kwani majani yanayolowa mara kwa mara hukaribisha magonjwa. Boganvilia ikishashika mizizi, ipunguzie maji: inayonyweshwa sana hutoa majani tu.

Wengi huuliza kuhusu waridi mwanzoni mwa kila mstari wa mizabibu, kama ilivyo desturi Ufaransa, wakiamini kwamba waridi huugua ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, kwanza na hivyo kumwonya mkulima. Ukweli ni kwamba ukungu wa waridi na ukungu wa mzabibu ni viumbe viwili tofauti, na hakuna unaouambukiza mmea mwingine, ingawa hali ya hewa inayoupendelea mmoja mara nyingi huupendelea na wa pili. Panda waridi kwa uzuri wake, na mizabibu endelea kuikagua yenyewe.

Magugu yang'olewe kwa mkono au kwa jembe. Dawa ya kuua magugu yenye kemikali ya 2,4-D, ambayo wakulima wa mahindi huitumia sana, isiingie kabisa katika bustani hii, kwa kuwa mzabibu huathirika hata kwa mvuke mdogo unaobebwa na upepo, na majani yake hujikunja kwa msimu mzima. Mwishoni mwa kila mchanuo, acha vichwa bora vya zinia vikauke kwenye shina hadi viwe vya kahawia, vifikiche juu ya gazeti, na uhifadhi mbegu kwenye bahasha za karatasi zilizoandikwa rangi na mwezi. Mbegu za chotara hazitazaa maua yanayofanana na ya mama yake, hivyo kwa zile safu za mbele zinazohitaji rangi moja isiyochanganyika, nunua pakiti mpya.