Jinsi ya Kuomba Fedha za Dharura za Kaunti kwa Ajili ya Watu Waliopoteza Makao

Mwongozo huu ni wa vikundi vya kijamii, makanisa, misikiti na mashirika madogo nchini Kenya yanayohudumia watu wasio na pa kulala, hasa pale ambapo moto au mafuriko yamewatoa watu nyumbani usiku mmoja na kikundi hakina akiba ya kuwatunza zaidi ya siku mbili tatu. Ninachukulia kwamba msomaji anajua tayari kupika uji wa watu mia na kugawa blanketi. Nitakachoeleza ni njia ambayo shilingi ya kaunti hupitia kabla ya kugeuka blanketi, na mahali ambapo maombi mengi hukwama.

Njia yenyewe imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, vifungu vya 110 hadi 115, vinavyoruhusu kaunti kuanzisha Mfuko wa Dharura. Ni vifungu vifupi, na ninamshauri kila mtu avisome mwenyewe kabla ya kwenda ofisini, kwa kuwa si kila afisa utakayemkuta amewahi kuvisoma.

Hatua ya 1: Hakikisha mfuko upo na una kitu ndani

Sheria inasema kaunti "inaweza" kuanzisha mfuko huu kwa idhini ya bunge la kaunti. Haisemi ni lazima. Kwa hiyo swali la kwanza, ambalo huulizwa kwa karani wa bunge la kaunti au katika Hazina ya Kaunti, ni kama mfuko umeanzishwa, na la pili ni kiasi gani kilitengwa katika mwaka wa fedha unaoendelea. Ukijibiwa kwa maneno ya juu juu, andika ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Kwa kawaida ofisi ina siku 21 za kujibu, lakini habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48, na watoto wanaolala kwenye matope ni sababu ya kutosha ya kutaja kipengele hicho waziwazi ndani ya barua.

Upo pia ukomo wa kujua. Malipo yote ya mfuko katika mwaka mmoja hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Kaunti iliyopata shilingi bilioni 10 haiwezi kulipa zaidi ya milioni 200, na hicho ni kikomo cha juu tu, wala hakimaanishi kwamba fedha hizo zimekaa benki zikisubiri. Mvua za masika huja Aprili na Mei, wakati mwaka wa fedha unakaribia kufungwa tarehe 30 Juni na kaunti nyingi zinalalamikia mgao uliochelewa kutoka Hazina ya Kitaifa. Mwezi Mei, uliza ni shilingi ngapi zimebaki kwenye akaunti ya mfuko hivi leo, kwa sababu tarakimu iliyochapishwa kwenye bajeti haitakusaidia.

Hatua ya 2: Tenganisha tukio na hali

Hapa ndipo maombi mengi hufa, na langu la kwanza lilifia hapa. Tuliandika barua iliyoanza kwa maneno "Kwa muda mrefu familia za mtaa huu zimekuwa zikiishi bila makao", tukidhani kwamba urefu wa mateso ungewagusa wasomaji. Ulitusaliti. Afisa aliyeipokea aliisoma mstari wa kwanza, akaigeuza juu ya meza, akaniambia kwa upole kwamba jambo la muda mrefu halina dharura. Nilikasirika, lakini kwa mujibu wa sheria alikuwa sahihi.

Kifungu cha 112 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kulipa pale tu anaporidhika kwamba kuna hitaji la haraka, lisilotarajiwa, ambalo halikuwekwa kwenye bajeti. Ili aridhike, ni lazima aone mambo matatu: kwamba malipo hayawezi kungoja mwaka mwingine wa fedha bila kuwaumiza wananchi, kwamba yanalenga kupunguza hasara au mateso yaliyoletwa na tukio lenyewe, na kwamba madhara ni ya kiwango kidogo yaliyoishia ndani ya kaunti hiyo. Mtu aliyelala kwenye veranda ya duka kwa miaka sita hana makao, naye anastahili huduma, ila mfuko huu haukutungwa kwa ajili yake. Mafuriko yakifagia mahali alipokuwa akilala, hapo ameguswa na tukio, na jina lake linaingia kwenye orodha pamoja na la mpangaji aliyepoteza chumba. Andika hivyo, na usiruhusu mtu yeyote amtoe.

Sharti la tatu nalo lina matokeo yake. Maafa yakivuka mipaka ya kaunti, kama mafuriko ya mwaka 2024, uzito huhamia kwa serikali ya kitaifa; ndiyo maana shilingi 10,000 zilizoahidiwa kila familia iliyoondolewa kando ya mito ya Nairobi zilitangazwa na Rais, si na gavana. Katika hali hiyo iandikie kaunti bado, lakini peleka nakala kwa chifu na kwa naibu kamishna wa kaunti siku ileile.

Ubomoaji ni kesi ngumu zaidi. Sheria ya Ardhi inataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kuwafurusha watu, kwa hiyo kaunti iliyobomoa nyumba yenyewe itapata shida kudai kwamba haikutarajia watu kukosa pa kulala. Kwa watu waliobomolewa, ninapendelea kuanza na wakili kabla ya kugusa Mfuko wa Dharura.

Hatua ya 3: Andika orodha ya watu, si ya milango

Orodha ndiyo roho ya ombi. Katika mitaa yetu ya mabati watu huhesabu kwa mlango, yaani chumba cha kupanga: ploti ina milango kumi, mwenye ploti ni fulani. Ukikubali hesabu hiyo utaambiwa na mwenye ploti kwamba amepoteza milango 10, jina lake litaandikwa mara moja au mara kumi kutegemea ujanja wake, na wapangaji waliolala kanisani hawatakuwapo popote kwenye karatasi. Hilo lilitupata. Mabati mapya yalifika, yakaenda kwa wenye ploti, na mama mmoja mwenye watoto wanne akaniuliza kama bati linalaliwa.

Tangu hapo ninatumia daftari la kawaida la mistari lililopigwa safu saba: jina, namba ya kitambulisho, idadi ya watu katika kaya, umri wa mtoto mdogo zaidi, mahali alipolala usiku wa tukio, mahali anapolala sasa, na sahihi au alama ya kidole gumba. Safu ya "anapolala sasa" ndiyo inayoonyesha uharaka kuliko zote. Afisa akiona neno "veranda" limeandikwa mara thelathini kwenye ukurasa mmoja, hahitaji hotuba. Kila mlango huwa na zaidi ya kaya moja wakati mwingine, na kila kaya inapata mstari wake.

Wasio na kitambulisho wasirukwe. Vitambulisho huenda na maji, na vijana wa mitaani wengi hawakuwahi kuwa navyo. Badala ya namba, andika jina la mtu wa pili anayemthibitisha: mzee wa nyumba kumi kwa mpangaji, au kiongozi wa beisi kwa wanaolala pamoja mitaani. Kiongozi wa beisi anajua kila usiku nani yupo na nani hayupo, na mimi humwamini kuliko sajili nyingi nilizoziona ofisini. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi, kwa hiyo hawa si wa kuachwa kwa hoja kwamba ni wachache.

Maliza orodha ndani ya saa 72. Ikichelewa, watu hutawanyika kwa jamaa, na majina mageni huanza kujitokeza. Mwombe chifu na msimamizi wa wadi waweke mihuri kwenye kila ukurasa, si wa mwisho peke yake, kisha piga picha kurasa zote. Usizitume picha hizo kwenye kundi la WhatsApp. Majina na namba za vitambulisho vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na matapeli wa simu huzipenda sana orodha za namna hii.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mahitaji

Hesabu iwe fupi na kila tarakimu itoke kwenye daftari. Tuseme una kaya 84 zenye watu 310. Kodi ya miezi 2 kwa chumba cha shilingi 3,000 ni 6,000 kwa kaya, jumla 504,000. Blanketi 2 kwa kaya kwa shilingi 700 kila moja ni 117,600. Chakula cha siku 10 kwa shilingi 150 kwa mtu kwa siku ni 465,000. Ombi lako ni shilingi 1,086,600.

Msomaji ataona kwamba nimetanguliza kodi mbele ya mahema. Huo ni uamuzi wangu na ninausimamia: hema humweka mtu uwanjani hadi shule ifunguliwe na mwalimu mkuu aanze kulalamika, lakini kodi ya miezi miwili humrudisha kwenye chumba na kazini ndani ya wiki. Gharama za ofisi yako, mafuta ya gari na posho za kamati usiziingize kabisa. Ukiziingiza, mjadala wote utahama kutoka kwa wahanga hadi kwako.

Hatua ya 5: Barua ya ukurasa mmoja

Barua ielekezwe kwa waziri wa fedha wa kaunti, kwa kuwa sheria inampa yeye mamlaka juu ya mfuko, na nakala ziende kwa afisa mkuu wa idara inayoshughulikia maafa, kwa mwakilishi wa wadi na kwa karani wa bunge la kaunti. Aya ya kwanza ibebe tukio, tarehe, mahali na idadi. Hii ndiyo ninayoitumia, ukibadilisha inayobadilika:

"Usiku wa kuamkia tarehe (weka tarehe), moto uliteketeza makazi ya kaya 84 zenye watu 310 katika wadi ya (weka jina). Kaya 51 kati ya hizo zinalala nje hadi leo. Kwa kuwa hitaji hili halikutarajiwa, halimo katika bajeti na haliwezi kungoja mwaka ujao wa fedha bila kuhatarisha maisha, tunaomba malipo ya shilingi 1,086,600 kutoka Mfuko wa Dharura wa Kaunti kwa mujibu wa kifungu cha 112 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012."

Peleka kwa mkono na usiondoke kaunta bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua pepe itumwe vilevile, lakini muhuri ndio utakaouhitaji baadaye.

Hatua ya 6: Malipo yatakavyofika

Usitarajie fedha kuingia kwenye akaunti ya kikundi chako. Kwa kawaida kaunti hununua bidhaa yenyewe, na maafisa wa ununuzi watakuambia kwamba zabuni huchukua wiki kadhaa. Wakumbushe kwa heshima kifungu cha 103 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kinachoruhusu ununuzi wa moja kwa moja panapotokea maafa au uharaka, mradi uharaka huo haukutazamiwa wala haukuletwa na uzembe wa ofisi yenyewe. Bidhaa zikifika, ziteremshwe mbele ya kamati ya wahanga, zihesabiwe kwa sauti, na kila anayepokea atie alama kwenye daftari lilelile la safu saba. Ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kwisha, Hazina ya Kaunti inapaswa kumkabidhi Mkaguzi Mkuu hesabu za mfuko zinazoonyesha nani alilipwa na kwa kusudi gani. Daftari lenye alama za vidole litamsaidia afisa aliyekusaidia, naye atakukumbuka.

Hatua ya 7: Fuata idhini ya bunge

Waziri hulipa kwanza, kisha ana miezi 2 ya kuomba idhini ya bunge la kaunti. Bunge likiwa mapumzikoni, anayo siku 14 tangu litakaporejea. Wahudumu wengi huacha kufuatilia mara tu blanketi zinapogawiwa, na hilo ni kosa, kwa sababu idhini hiyo ndiyo inayofungua mswada wa kuurejeshea mfuko fedha zilizotumika. Bila mswada, mtaa utakaoungua baadaye utaukuta mfuko mtupu. Mpigie karani simu wiki ya sita, ulizia tarehe ya kamati, na mkae nyuma ya ukumbi na wawili watatu miongoni mwa waliosaidiwa. Kimya kikizidi, wasilisha ombi rasmi bungeni chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, ambacho kinampa kila mtu haki hiyo.

Hatua ya 8: Waliobaki veranda

Kodi ikiisha, utabaki na wale ambao hawakuwa na chumba hata kabla ya tukio. Malazi yao ya usiku, matibabu na kuwarejesha watoto shuleni hugharimiwa na bajeti ya kawaida, nayo ina ratiba yake: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Katika ngazi ya kitaifa upo pia mfuko wa kuwarekebisha na kuwarejesha watu wa familia za mitaani, ulioanzishwa mwaka 2003, ambao unaweza kuandikiwa sambamba. Nakili majina yao kutoka kwenye daftari lako, yaandike kwenye karatasi yake, na uipeleke kwa idara ya huduma za jamii mwezi Julai, mpango ukiwa bado unaandikwa.