Likizo ya miaka kumi: ihesabu, iombe, uende nayo nyumbani

Kazi yangu ni mishahara na likizo, katika idara moja ya serikali ya shirikisho hapa Canberra, Australia. Kwetu ni Tanga. Kwa kuwa Waswahili wa huku tunajuana, Jumapili jioni simu yangu haipoi: Wakenya, Wakongomani, Warundi, Watanzania wenzangu, na swali kubwa ni lile lile. "Dada, hii likizo ya miezi mitatu ni kweli ipo?" Ipo: ndiyo likizo ya miaka kumi, unayoipata ukitimiza miaka kumi ya utumishi (kwa Kiingereza long service leave). Ni haki yako kisheria, imekuwa ikijijenga tangu siku ya kwanza uliyoripoti kazini, na ukiipanga vizuri unaweza kwenda nyumbani ukakaa, si kufika, kusalimia na kurudi. Nimeona watu wengi mno wakiimega wiki moja moja hadi inaisha bila kuiona. Ndiyo maana naandika.

Likizo hii ina historia inayotuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1862, makoloni ya Victoria na Australia Kusini yaliwawekea watumishi wao wa serikali utaratibu huu. Wengi wao walikuwa Waingereza, na meli ya kwenda Uingereza ilichukua miezi. Likizo ya kawaida isingetosha hata njia. Walipewa muda wa kwenda kwao, kuona wazazi, na kurudi kazini. Kwa hiyo mtu wa Bukavu au Mombasa anayeitumia kwenda kwao anaitumia kwa kazi ile ile iliyotungiwa. Usiione aibu kuiomba yote kwa mkupuo.

Kwanza jua uko chini ya sheria ipi, maana si moja. Watumishi wa serikali ya shirikisho tunaongozwa na sheria ya mwaka 1976: miaka kumi ya utumishi inakupa miezi mitatu, na kila mwaka unaofuata unaongeza sehemu tatu za kumi za mwezi. Majimbo yana ya kwao. Victoria, watumishi wa jimbo hupata miezi mitatu kwa miaka kumi, ila baada ya miaka saba wanaweza kuanza kuchukua sehemu iliyokwisha kujijenga. New South Wales ni miezi miwili kwa miaka kumi ya mwanzo, nako mlango hufunguka baada ya miaka saba. Wengine, kama wauguzi, wana makubaliano yao ya kazi yanayoweza kuwapa zaidi, basi soma ya kwako, usikariri ya jirani. Na kama unafanya usafi, ulinzi au huduma za jamii Victoria chini ya makampuni, tangu Julai 2019 kuna mfuko wa jimbo unaokubebea miaka yako kutoka kampuni moja hadi nyingine. Hakikisha jina lako limeandikishwa. Kuanzia hapa nazungumzia serikali ya shirikisho, ndiko ninakokujua vizuri.

Kuhesabu miaka

Hapa ndipo watu wanapopoteza haki yao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miaka inayohesabiwa si ya idara uliyopo tu. Ukihama kutoka idara moja ya shirikisho kwenda nyingine, unahama na miaka yako. Hata utumishi katika serikali ya jimbo unaweza kutambuliwa, mradi pengo kati ya kazi moja na nyingine halikuzidi miezi kumi na miwili. Chukua mfano wa mtu aliyefanya kazi miaka sita kwenye wizara ya jimbo la New South Wales, akakaa miezi mitano bila kazi, kisha akaajiriwa Canberra na sasa ana miaka minne. Yeye anafikiri bado ana miaka sita ya kusubiri. Kumbe akitambuliwa utumishi wake wa awali, miaka kumi imetimia. Ile miezi mitano haihesabiwi, lakini haikuukata mnyororo. Na kama mwajiri wa kwanza alikwisha kukulipa au kukupa sehemu ya likizo hiyo, kiasi hicho kitatolewa kwenye hesabu, ila miaka yenyewe inabaki kukusaidia kutimiza kumi.

Mfumo wa kompyuta haujui ulikotoka. Ni lazima wewe upeleke hati ya utumishi kutoka kwa mwajiri wa awali, inayoonyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, vipindi vya likizo bila malipo, na kama ulikuwa wa muda wote au wa saa pungufu. Iombe wiki ile ile unayoacha kazi, wakati watu wa ofisi bado wanakukumbuka. Ukisubiri miaka minane, ofisi imeunganishwa na nyingine, jalada lako limepelekwa ghalani, na aliyekujua amestaafu.

Likizo bila malipo nayo iangalie. Kwa kawaida haikati utumishi, lakini haihesabiwi. Ukikaa nyumbani miezi minane bila mshahara ukimuuguza mzazi, tarehe yako ya kutimiza miaka kumi inasogea mbele miezi minane. Usishangae kuona mwenzako mliyeanza naye ametangulia.

Kwa dada zangu wanaofanya saa pungufu kwa sababu ya watoto: mwaka wako ni mwaka kamili katika kutimiza kumi. Kinachopungua ni malipo, yanafuata uwiano wa saa ulizofanya katika miaka hiyo. Hivyo ukiwa na miaka mitano ya muda wote na mitano ya nusu ya saa hizo, malipo yatakuwa katikati. Mwambie mtu wa mishahara akuandikie hesabu yenyewe kabla hujakata tiketi.

Jambo moja zito: ukijiuzulu ukiwa na miaka tisa na ukaenda kampuni binafsi, kwa sheria yetu unaondoka mikono mitupu. Kama unafikiria kuacha kazi, angalia tarehe kwanza. Ukipunguzwa kazini, ukistaafu kwa umri au kwa ugonjwa, mambo ni tofauti: unalipwa sehemu yako hata kama umefikisha mwaka mmoja tu.

Mshahara kamili au nusu?

Miezi mitatu kwa mshahara kamili, au miezi sita kwa nusu. Tuseme mshahara wako ni dola 7,500 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa nusu, ni dola 3,750 kabla ya kodi, na mkopo wa nyumba au kodi ya pango Canberra haijui kwamba uko Tanga. Maoni yangu: nusu mshahara inawafaa wale ambao nyumba itapata mpangaji wa muda au mwenza anabaki kazini. Kwa wengine wote, chukua mshahara kamili, ukae miezi mitatu yenye utulivu, kuliko sita ya kukopa. Nyumbani nako, mtu aliyetoka Australia ana harusi za kuchangia, misiba, na ada za shule za watoto wa ndugu. Piga bajeti ya hayo waziwazi, mapema, na mwenza wako mkiwa mezani.

Kipindi kifupi kabisa unachoweza kuomba ni siku saba za kalenda kwa mshahara kamili, au kumi na nne kwa nusu. Kwamba inaruhusiwa si kusema inakufaa. Wiki moja ichukue kwenye likizo ya mwaka.

Sasa sikiliza suala la sikukuu, maana hili halielezwi vizuri. Ukiwa kwenye likizo ya mwaka, sikukuu ikiangukia humo hukatwi siku. Kwenye likizo ya miaka kumi, sikukuu inamezwa: inahesabiwa kama siku ya likizo, na kama uko kwenye nusu mshahara, hata Krismasi utalipwa nusu. Mtu anayeondoka mwanzoni mwa Desemba kwa likizo hii anazichoma sikukuu za mwisho wa mwaka, na ile ya tarehe 26 Januari juu yake. Dawa yake ni kuanza na likizo ya mwaka, uvuke nayo Krismasi, mwaka mpya na 26 Januari, halafu uingie kwenye likizo ya miaka kumi hadi mwisho. Mpangilio huo unakubalika. Usichoweza ni kuikata katikati: wiki chache za likizo ya miaka kumi, kisha likizo ya mwaka, kisha uirudie tena. Ombi la namna hiyo hurudishwa.

Kuomba

Hakuna bosi anayependa kushtukizwa na miezi mitatu. Mimi huwaambia watu waanze mazungumzo mwaka mmoja kabla, kwa mdomo, kabla ya kujaza chochote kwenye mfumo. Mwajiri anaweza kukuambia usogeze tarehe kwa mahitaji ya kazi, na mara nyingi sababu ni za kweli: mwisho wa mwaka wa fedha hapa ni tarehe 30 Juni, na idara zinazohusika na bajeti huwa na moto wakati wa Mei. Kwa hiyo nenda na tarehe za aina mbili mkononi, na jina la mtu unayeona anaweza kukukaimu. Hilo la kukaimu ndilo hulainisha mambo. Kijana wa cheo cha chini yako anapata miezi mitatu ya kufanya kazi ya juu na kulipwa posho yake. Bosi anapata mtu wa kumjaribu. Wewe unaondoka bila manung'uniko.

Ukikubaliwa, upate kwa maandishi, na tarehe ziwe zile zile kwenye mfumo na kwenye barua pepe. Nunua tiketi baada ya hapo, si kabla.

Makabidhiano yaandike kwa ajili ya mtu asiyejua lolote: kazi zinazoendelea, tarehe za mwisho, nani aulizwe nini, na majalada yako wapi. Siku ya mwisho rudisha kompyuta ya kazi. Wenye kibali cha usalama, toeni taarifa ya safari yenu kabla ya kuondoka, na simu ya kazi ibaki Canberra.

Ninyi mlio wasimamizi wa wengine, hasa wenzetu Waafrika mliopanda: mtu mwenye salio la miezi mitano si mchapakazi wa kupigiwa makofi. Ni mtu aliyechoka. Muulize mwaka huu anakwenda lini kwao.

Karatasi za safari

Hapa ndipo pana mtego wa siku mbili. Mtanzania aliyechukua uraia wa Australia amepoteza ule wa Tanzania, na viza ya kawaida anayoingilia nyumbani ni ya siku 90. Julai mosi hadi Septemba 30 ni siku 92. Hesabu kwa vidole kabla ya kukata tiketi. Wakenya wanaruhusiwa uraia pacha tangu katiba ya 2010, wao hili haliwasumbui wakiwa na pasi zote mbili. Na ambaye bado ni mkazi wa kudumu tu aangalie tarehe ya viza yake ya Australia: ruhusa ya kutoka na kuingia hudumu miaka mitano, na ikiisha ukiwa Kigoma utalazimika kuomba viza ya mkazi anayerejea kabla ya kupanda ndege.

Ukiugua huko, likizo yako haipotei. Kwa makubaliano ya sasa ya idara za shirikisho, siku ulizougua zinaweza kurudishwa kwenye salio na kukatwa kwenye likizo ya ugonjwa, ilimradi una cheti cha daktari. Ukitibiwa hospitali ya Bombo kwetu Tanga, usitoke getini bila cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la daktari na muhuri, kikiwa kimeandikwa kwa Kiingereza. Ukifiwa na mzazi au ndugu wa karibu, siku za msiba nazo zinaweza kurudishwa. Tuma barua pepe kwa bosi mapema hata kama ni mistari miwili.

Na mwenza wako ajue kwamba likizo hii ni mali. Mtumishi akifariki akiwa na angalau mwaka mmoja wa utumishi, wategemezi wake hulipwa sehemu aliyoijenga. Familia nyingi za kwetu hazidai kwa sababu hazijui. Mwonyeshe kwenye hati ya mshahara mahali salio linapoandikwa, na mwandikie namba ya ofisi ya mishahara.

Ukirudi, jipe siku mbili tatu nyumbani kabla ya kuripoti kazini, kisha kwenye malipo ya kwanza fungua hati ya mshahara uangalie mambo matatu: kwamba umerudishwa kwenye mshahara kamili, kwamba zimekatwa siku ulizochukua tu, na kwamba siku za ugonjwa au msiba zimerudi kwenye salio. Ukiona kasoro, andika wiki hiyo hiyo.