Kukomaza tangi jipya huku samaki wakiwa tayari ndani

Maji yanang'aa, taa inawaka, lakini ifikapo siku ya tatu samaki wamepanda juu wanatweta. Kung'aa kwa maji hakuonyeshi kitu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua mchana na usiku, na kinyesi pamoja na chakula kilichobaki huongeza nyingine vinapooza. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Tangi jipya bado halina bakteria hao wa kutosha, nao hukua polepole. Hesabu wiki 4 hadi 8. Kwa muda wote huo, ndoo na mrija ndivyo vinavyofanya kazi yao.

Kama kuna mtu mwenye tangi lililokomaa anayeweza kukutunzia samaki hao, wapeleke. Kama hakuna, wanaweza kupita salama, ila kwa kupima maji kila siku. Tafuta vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji. Vile vya karatasi mara nyingi havina amonia, na hiyo ndiyo unayoihitaji kwanza. Uwe pia na dawa ya kuondoa klorini, kipimajoto, na ndoo ambayo haijawahi kuguswa na sabuni.

Kupima kwenyewe kuna namna yake. Suuza kichupa kwa maji ya tangi, kijaze hadi kwenye mstari, na chupa ya matone uishike wima, kwani ukiilaza matone hutoka makubwa au madogo kuliko yanavyotakiwa. Subiri dakika zilizoandikwa, kisha linganisha rangi kwenye mwanga wa mchana, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Chupa ya pili ya nitrati itikise kwa nguvu kwa sekunde 30 au zaidi, kwa kuwa kemikali yake hutuama chini. Usipoitikisa utasoma sufuri wakati nitrati imejaa tele. Pima na maji ya bomba siku ya kwanza: huenda yana amonia au nitrati tayari, na bila kujua hilo utahangaika bure.

Kubadilisha maji

Jumlisha amonia na nitriti. Ikifika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Kubadilisha nusu hupunguza sumu kwa nusu tu: amonia ikiwa 1, itabaki 0.5, na itabidi urudie baada ya saa chache ifike 0.25. Ndiyo maana kubadilisha asilimia 10 hakumwokoi samaki aliye kwenye maji yenye amonia 2, itabaki 1.8.

Zima hita kwanza, maana ikiachwa wazi juu ya maji huku inawaka, kioo chake kinaweza kupasuka. Nyonya maji kutoka chini, ukipitisha mrija juu ya changarawe mahali uchafu ulipojikusanya. Maji mapya yalingane na ya zamani kwa joto, tofauti isizidi nyuzi 2, na yatiwe dawa ya klorini kabla ya kumiminwa. Ukijaza moja kwa moja kwa mpira wa bomba, pima dawa ya kutosha tangi zima, si ile nusu unayoongeza. Kuacha maji wazi kwa siku nzima huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki kwa njia hiyo. Nayo dawa inapovunja kloramini, amonia kidogo hubaki, kwa hiyo chagua dawa inayofunga na amonia pia.

Wengi huogopa kubadilisha maji wakidhani wanamwaga bakteria. Sivyo. Bakteria hawa hujishikiza kwenye sponji ya chujio, changarawe na vioo. Ni wachache mno wanaoelea. Amonia ya 0.25 inawatosha kula na kuongezeka. Hofu hii imeua samaki wengi ambao ndoo mbili za maji zingewaokoa.

pH inayodanganya

Kipimo husoma amonia yote kwa pamoja, lakini sumu kali ni ile sehemu isiyo na chaji. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sehemu hiyo ni kama asilimia 0.6 tu ya jumla. Kwenye pH 8 ni asilimia 5 na ushee, karibu mara 10. Basi tangi mbili zenye amonia 1 si sawa. Tena kuna mtego: tangi lililoachwa wiki nyingi pH ikashuka hadi 6 laweza kuwa na amonia nyingi na samaki wasionyeshe dalili, lakini ukimimina ndani ghafla nusu tangi ya maji yenye pH 8, sumu hufumuka ndani ya dakika chache. Hapo badilisha asilimia 10 hadi 15 kila baada ya saa chache, mpaka pH ipande taratibu.

pH ikishuka chini ya 6.5, bakteria nao hulegea, na karibu na 6 kazi husimama. Wao wenyewe hula ule ugumu wa kaboneti unaoshikilia pH, kwa hiyo tangi lenye maji laini linaweza kukwama katikati ya safari. Mara nyingi maji mapya ya bomba yanatosha kuurudisha.

Nitriti

Karibu wiki ya pili au ya tatu amonia huanza kushuka, na nitriti hupanda. Wengi husherehekea hapa na kuongeza samaki. Ni wakati mbaya kabisa wa kufanya hivyo. Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni. Matamvua hugeuka kahawia, samaki anahema haraka ingawa viputo vimejaa. Chumvi husaidia, kwa kuwa kloridi huizuia nitriti mlangoni, kwenye matamvua. Gramu 6 za chumvi isiyo na viungo vingine, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, zinatosha lita 60. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, kisha imimine kidogo kidogo. Ukibadilisha nusu ya maji, rudisha nusu ya kijiko tu, kwani chumvi haivukizi pamoja na maji.

Chakula na chujio

Chanzo cha amonia yote ni kopo la chakula. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 hutoa takriban miligramu 37 za nitrojeni ya amonia. Kwenye lita 60 hiyo ni 0.6 kwa lita, tayari juu ya kikomo. Lisha mara moja kila baada ya siku moja, kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja. Samaki mzima mwenye afya haumii kwa kukaa siku bila chakula, ila wachanga walishwe kidogo kila siku.

Chujio lifanye kazi saa 24, maana bakteria wanahitaji oksijeni kwa wingi na sponji iliyosimama huanza kuwapoteza. Ikiziba, ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini. Njia ya mkato iliyo bora ni kipande cha sponji kutoka tangi lililokomaa lisilo na ugonjwa, kiwekwe ndani ya chujio lako kikiwa bado kibichi. Mimea inayokua haraka, hasa inayoelea, hunyonya amonia moja kwa moja. Antibiotiki usizitie bila sababu, kwani zinaweza kuua bakteria unaowalea.

Maji yakigeuka meupe kama yaliyotiwa maziwa, ni bakteria wa aina nyingine wanaokula uchafu. Punguza chakula, ongeza hewa, weupe huo utaisha wenyewe. Usimwage maji yote wala kuosha changarawe, utarudi mwanzo.

Tangi limekomaa pale amonia na nitriti zinaposoma sufuri kwa siku 7 mfululizo, samaki wakiwa wamerudishiwa chakula cha kila siku, na nitrati inapanda. Kuanzia hapo badilisha robo ya maji kila wiki. Samaki wapya waingie wawili au watatu kwa mara moja, kisha pima kila siku kwa wiki mbili kabla ya kuongeza wengine.