Jinsi ya Kupima Hoja na Ushahidi katika Makala: Mfano wa Takwimu za Sensa

Makala nyingi zinazotaka kutushawishi hazina uongo ndani yake. Takwimu zake ni sahihi, chanzo kimetajwa, na bado hitimisho halitokani na takwimu hizo. Kwa hiyo msomaji anayeishia kuuliza kama namba ni ya kweli amefanya nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi na ndiyo tunayoifundisha kwa uchache sana shuleni, ni kuuliza kama ushahidi uliotolewa unatosha kulithibitisha dai analolitetea mwandishi.

Ili maelezo yasielee hewani, nimetunga aya fupi ya mazoezi. Mawazo yaliyomo yanasikika mara kwa mara vijiweni na katika safu za maoni:

"Vijana wanavikimbia vijiji. Kati ya mwaka 2012 na 2022 jiji la Dar es Salaam liliongezeka kwa watu zaidi ya milioni moja, na kila mwenye macho anaona jinsi vituo vya daladala vinavyofurika asubuhi. Ndiyo maana mashamba yamebaki bila wakulima, na ndiyo maana Serikali haina budi kuzuia watu kuhamia mjini kabla hatujachelewa."

Tafuta kwanza unachoombwa ukikubali

Dai kuu si lazima liwe katika sentensi ya kwanza. Katika aya hii limewekwa mwishoni kabisa: Serikali izuie watu kuhamia mjini. Chukua karatasi, kisha ukamilishe sentensi mbili kwa maneno yako mwenyewe: "Mwandishi anataka nikubali kwamba…" na "Sababu anazonipa ni…". Usinakili maneno yake, kwa kuwa ukiyanakili utachukua pamoja nayo mvuto wake, na mvuto ndio unaotakiwa kuwekwa kando kwa muda.

Ukifanya hivyo utagundua kwamba aya hii fupi ina madai matatu: kwamba vijana wanahama vijijini, kwamba mashamba yamekosa wakulima kwa sababu hiyo, na kwamba dawa yake ni katazo la Serikali. Ushahidi uliotolewa ni wa aina mbili tu, yaani ongezeko la watu na msongamano wa vituoni, na wote unahusu dai la kwanza. Dai la pili na la tatu hayana ushahidi wowote. Yamefungwa kwenye la kwanza kwa maneno "ndiyo maana". Vipigie mstari viunganishi vya namna hiyo kila unaposoma, kwa sababu ndipo mwandishi anapodai kuwa jambo moja limezaa jingine, na ndipo anapopaswa kuonyesha limezaaje.

Ipime namba yenyewe

Hapa inafaa kukaa kwa muda, maana takwimu inayotajwa peke yake humtisha msomaji kuliko kumweleza.

Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na watu 5,383,728 mwaka 2022. Ongezeko ni watu 1,019,187, kwa hiyo mwandishi wetu hakudanganya. Hata hivyo, hakutuambia nchi nzima iliongezeka kwa kiasi gani. Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022, ambalo ni ongezeko la takriban asilimia 37. Dar es Salaam iliongezeka kwa takriban asilimia 23. Maana yake ni kwamba katika kipindi hicho mkoa huo ulikua polepole kuliko nchi kwa ujumla, na sehemu yake katika idadi ya Watanzania wote ilishuka kutoka asilimia 9.7 hadi asilimia 8.7. Takwimu ileile iliyoletwa kuthibitisha kwamba nchi nzima inamiminikia Dar es Salaam, ikilinganishwa na ya taifa, inaelekea upande wa pili.

Msomaji mwenye haraka angesimama hapo na kutangaza kuwa mwandishi ameshindwa. Namshauri asisimame, kwa sababu uchambuzi wa haki huuliza pia ni wapi ushahidi wa upande wa pili una upungufu. Mpaka wa mkoa ni mstari wa utawala, na watu hawaachi kujenga wanapoufikia. Ukiutazama Mkoa wa Pwani, wenye Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, unakuta ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012 na 2,024,947 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 84. Jumlisha mikoa hiyo miwili, na utaona kwamba pamoja ilikuwa na asilimia 12.2 ya Watanzania mwaka 2012 na asilimia 12.0 mwaka 2022. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba eneo hili linaimeza nchi, na wala si sahihi kusema kwamba Dar es Salaam imeacha kuvutia watu. Maelezo yanayokubaliana zaidi na takwimu hizi ni kwamba makazi yamesogea nje ya mpaka wa mkoa.

Mambo mawili madogo yanastahili kuangaliwa hapohapo. La kwanza ni jina la eneo. Mwandishi amesema "jiji", ilhali takwimu yake ni ya mkoa mzima. Tangu mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni hazimo ndani yake. La pili ni umri wa ushahidi. Mwaka 2002 mkoa huo ulikuwa na takriban watu milioni 2.5 kati ya Watanzania milioni 34.4, yaani karibu asilimia 7, na kufikia mwaka 2012 sehemu hiyo ilikuwa imepanda hadi 9.7. Yeyote aliyeandika mwaka 2013 kwamba watu wanazidi kurundikana Dar es Salaam alikuwa na msingi imara. Hoja iliyokuwa sahihi katika sensa moja inaweza kuendelea kurudiwa kwa mazoea baada ya sensa inayofuata kuonyesha jambo tofauti.

Uliza namba hiyo haiwezi kusema nini

Jumla ya wakazi haituambii waliongezeka vipi. Mtoto aliyezaliwa Temeke na kijana aliyeshuka kwenye basi kutoka Singida wanahesabiwa sawasawa. Ili kuthibitisha neno "vijana" zinahitajika takwimu za umri, na ili kuthibitisha "wanavikimbia vijiji" zinahitajika takwimu za uhamiaji zinazoonyesha mtu alikotoka, kwani anayehamia Dar es Salaam anaweza kuwa ametoka Mwanza mjini au Arusha mjini. Zoea kulichukua dai neno kwa neno namna hii, ukiuliza kila neno linathibitishwa na nini.

Ushahidi wa vituo vya daladala nautupa bila kusita. Kituo hufurika kwa uchache wa magari, kwa mvua, au kwa watu wote kuanza kazi saa moja, na maneno "kila mwenye macho anaona" hayakuongeza ushahidi wowote. Yamewekwa ili anayetilia shaka ajione kipofu. "Kabla hatujachelewa" nayo inamharakisha msomaji aamue kabla hajafikiri.

Pendekezo la sera lina ushahidi wake

Hata kama dai la kwanza lingethibitishwa, bado isingefuata kwamba katazo litafanya kazi. Hapa mwandishi amenyamaza kuhusu historia ya nchi yake. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria iliyojulikana sana kama Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini. Sensa za mwaka 1978 na 1988 zinaonyesha Mkoa wa Dar es Salaam ukitoka takriban watu 843,000 hadi takriban milioni 1.36. Nisingedai kwamba namba hizo mbili peke yake zinathibitisha kuwa sheria ilishindwa, kwa sababu ileile niliyoitoa kuhusu wanaozaliwa mjini. Ninachodai ni kwamba anayependekeza katazo leo anawajibika kuieleza historia hiyo, na asipoitaja kabisa hoja yake ina pengo.

Taarifa nayo ichambuliwe

Wengi wetu huweka kalamu chini tunapofika kwenye matini ya taarifa, tukiamini kwamba haina upande. Lakini kuteua ni kuelekeza. Kichwa "Dar es Salaam yaongoza kwa wingi wa watu" na kichwa "Sehemu ya Dar es Salaam katika idadi ya Watanzania yapungua" vinaweza kuandikwa siku moja kutokana na jedwali moja, na vyote viwili vikawa kweli. Katika matini ya aina hii uliza takwimu imelinganishwa na nini, mipaka yake ni ipi, na kama aliyeiandika ameisoma katika ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu au ameichukua kwa mwandishi mwingine. Ripoti za sensa hupatikana bure, na kulifungua jedwali lenyewe huchukua muda mfupi kuliko kubishana juu yake.

Iandike upya hoja kwa kadiri ya ushahidi

Hatua ya mwisho ni ya kuandika. Iandike aya upya ukisema tu yale ambayo ushahidi unayaruhusu, kwa mfano: "Kati ya mwaka 2012 na 2022 Mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kwa takriban asilimia 23, chini ya ongezeko la nchi, huku Mkoa wa Pwani ukiongezeka kwa takriban asilimia 84, hivyo ni busara mipango ya maji, barabara na shule ya eneo hili ivuke mpaka wa mikoa hiyo miwili." Kisha ziweke aya mbili pembeni kwa pembeni. Kila kilichomo katika ya kwanza na kisichomo katika ya pili, yaani vijana, mashamba yaliyoachwa na katazo la Serikali, ndicho ambacho mwandishi bado anadaiwa ushahidi wake.