Kuchagua Kifurushi cha Simu cha Bei Nafuu Unapohamia Nje: Maandalizi Yaanzie Tanga

Mtu anayejiandaa kuondoka Tanga kwenda kuishi Leicester, Maskati au Bremen hushughulikia pasipoti, viza na nauli kwa miezi kadhaa, lakini habari ya simu huiacha mpaka atakapofika uwanja wa ndege wa huko, ambako hukuta meza yenye mabango ya kuvutia na bei ambazo mwenyeji hazikubali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, hasa kijana anayekwenda masomoni au kazini akiwa na akiba ndogo, na sehemu kubwa ya kazi anayoelekezwa hapa inafanyika kabla basi halijatoka Kange.

Kwanza, ujue unatumia kiasi gani. Wengi wetu hatujui, kwa sababu tumezoea kujiunga na bando la siku au la wiki, likiisha tunajiunga na jingine, na mwisho wa mwezi hakuna anayejumlisha. Fungua mipangilio ya simu yako, ingia sehemu ya matumizi ya data, usome jumla ya mwezi uliopita na uone ni programu gani iliyokula zaidi. Mpwa wangu alipokuwa anajiandaa kwenda Uingereza aliapa kwamba chini ya GB 50 kwa mwezi hawezi kuishi. Tulipokaa barazani Makorora tukaisoma simu yake pamoja, tukakuta ametumia GB 9 kwa mwezi mzima, na zaidi ya nusu yake ni video fupi fupi za usiku wa manane. Huko aendako angekuwa na waifai bwenini na chuoni, kwa hiyo hata hizo GB 9 zisingepitia zote kwenye laini. Alianza na kifurushi kidogo na mpaka leo hajakipandisha.

Simu yenyewe nayo ichunguzwe mapema. Piga *#06#; zikitokea namba mbili za utambulisho, kwa kawaida simu hiyo inabeba laini mbili, na faida yake utaiona mwishoni mwa mwongozo huu. Kisha chomeka laini ya mtandao mwingine uhakikishe inashika, kwa maana simu iliyofungiwa kwa kampuni moja haitapokea laini ya ugenini. La tatu ndilo wengi hulisahau: Marekani ilizima mitandao ya 3G mwaka 2022, Uingereza imefuata njia hiyo hiyo, na kampuni ya Jio ya India tangu ianze haikuwahi kuwa na 2G wala 3G. Katika mitandao ya namna hiyo, simu isiyoweza kupiga kwa njia ya 4G, yaani isiyo na VoLTE kwenye mipangilio yake, inaweza kufungua intaneti vizuri huku ikishindwa kupiga simu ya kawaida. Anayekwenda Marekani aongeze hatua moja, kwa sababu baadhi ya kampuni za huko zina orodha ya simu zinazokubaliwa na mtandao wao, na simu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Ngamiani zilitengenezwa kwa ajili ya masoko mengine.

Sasa tuje kwenye kifurushi chenyewe. Ugenini utakuta njia mbili: kulipa kabla ya kutumia, kama tunavyofanya na vocha, au kufunga mkataba wa miezi 12 au 24 unaokatwa benki kila mwezi. Ushauri wangu hauna kona: kwa miezi mitatu ya mwanzo usifunge mkataba wowote. Nasema hivi kwa kuwa nilipokwenda Uingereza kwa mara ya kwanza nilisaini mkataba wa miezi 24 siku ya pili tu, simu mpya ikiwa ndani yake, ilhali masomo yangu yalikuwa ya miezi 12. Nilipotaka kuuvunja nikatakiwa nilipe miezi yote iliyobaki kwa mkupuo, na haki ilikuwa yao, kwa sababu kila neno lilikuwa limeandikwa na sahihi ilikuwa yangu. Nilichokuwa sikijui wakati ule ni kwamba aliyenunua huduma kwa intaneti au kwa simu, Uingereza na katika Umoja wa Ulaya, kwa kawaida hupewa siku 14 za kughairi. Isitoshe, kampuni za Uingereza huangalia historia ya mikopo ya mteja kabla ya kumpa mkataba, na mgeni wa wiki moja historia hiyo hana.

Nafuu ya kweli mara nyingi iko kwa kampuni zisizo na minara yao wenyewe. Uingereza wenye minara ni EE, O2, na Vodafone pamoja na Three ambazo ziliungana mwaka 2025; lakini giffgaff hupita kwenye mtandao wa O2, Lebara kwenye wa Vodafone, na SMARTY kwenye wa Three, kwa bei ambayo kwa kawaida iko chini na bila kukufunga. Ujerumani, laini za Aldi Talk, zinazouzwa dukani pamoja na mkate na maziwa, hupita kwenye mtandao wa O2. Kabla ya kuchagua, ingia tovuti ya kampuni, weka anwani ya nyumba utakayoishi, utazame ramani ya mtandao unavyofika mtaa huo, kwa sababu kifurushi cha bei poa kisichoshika chumbani ni hasara.

Ukishapata majina mawili matatu, linganisha kwa bei ya mwaka mzima. Kifurushi cha wiki nne kinaonekana kama cha mwezi, lakini siku 28 huingia mara 13 katika mwaka. Tuseme kimoja ni yuro 10 kwa wiki nne na kingine ni yuro 10.50 kwa mwezi wa kalenda: cha kwanza kitakugharimu yuro 130 kwa mwaka, cha pili 126. Maneno ya «bila kikomo» nayo yasomwe mpaka mwisho, kwa kuwa huenda kuna kiwango ambacho ukikipita kasi hushushwa, au kugawa intaneti kwa kompyuta yako kumewekewa mpaka. Ukiwa na laini ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2017 unaitumia katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya nyumbani unaposafiri. Uingereza imekwishatoka katika utaratibu huo, hivyo anayepanda treni kutoka London kwenda Paris aulize kwanza.

Yote hayo ni rahisi ukilinganisha na suala la kumpigia mama. Mwenye simu janja utampigia kwa WhatsApp, na gharama itamezwa na bando lako na lake. Lakini mama aliye Pangani na kitochi chake atahitaji simu ya kawaida kwenda +255, na dakika hiyo kutoka Ulaya ni ghali mno kwa bei ya kawaida. Kampuni kama Lebara na Lycamobile zinawalenga wahamiaji na huweka dakika za nje ndani ya vifurushi, ila dakika hizo ni za nchi zilizotajwa kwenye orodha yao tu. Itafute Tanzania kwa jina, na usitosheke na tangazo linalosema «nchi nyingi za Afrika». Ikikosekana, piga hesabu ya upande wa pili: simu janja ya bei ya chini atakayoachiwa mama kabla hujaondoka, pamoja na bando utakalomnunulia kila mwezi, huweza kuwa nafuu kuliko dakika zako za nusu mwaka.

Anayekwenda Falme za Kiarabu ajue kwamba huko kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa, na watu hutumia programu zilizoidhinishwa kama Botim. China imezuia WhatsApp yenyewe, hata ujumbe wa maandishi, na laini ya huko husajiliwa kwa pasipoti pamoja na kupigwa picha ya uso. Kubalianeni na nyumbani kuhusu njia ya mawasiliano kabla ya safari, na programu hiyo iwekwe kwenye simu za pande zote mbili.

Mwisho ni laini yako ya Tanga. Ujumbe wa namba ya siri kutoka benki huja kwenye laini hiyo, pesa zako za mtandao ziko humo, na kwa kuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba ya NIDA, ikipotea ndugu hawezi kwenda dukani kukurudishia kwa vidole vyake. Piga *106# uhakiki usajili wako, kisha nenda duka la kampuni yako uombe huduma ya romingi, yaani ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi, ikiwa haijawashwa, na uulize mambo matatu: kupokea ujumbe ukiwa nje kunagharimu kiasi gani, kupokea simu kunakatwa kiasi gani, na laini isipotumika hufungwa baada ya muda gani, kwa maana namba iliyolala muda mrefu huchukuliwa na kupewa mtu mwingine. Iweke kwenye nafasi ya pili ya simu, acha salio kidogo, na kwenye kalenda jiwekee siku ya kuitumia kila mwezi, hata kwa ujumbe mmoja. Ndege ikiwa bado haijaruka, ingia mipangilio uzime data ya laini hiyo. La sivyo, utakapowasha simu ugenini, programu zako zote zitaanza kujisasisha kwa bei ya romingi wakati wewe bado umesimama kwenye foleni ya uhamiaji.